Fimbo Aliyoileta Shemeji

Zawadi ile Kangwa aliishuku tangu alipoipokea. Shemeji yako akishawahi kuuza baiskeli yako akailewea, hata akikuletea maji utayanusa kwanza. Kweli, siku hizi shemeji huyo, Mwila, ameacha pombe, anaimba kwaya, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Alichokileta ni kipande cha mbele cha fimbo ya pool: chembamba, chepesi, chenye ncha laini ya ngozi. Kangwa alikifunga kwenye kitako cha fimbo yake. Kile cha zamani, kinene cha mti, mkewe alikikata akakifanya mwiko wa kusongea nshima.

Na leo, baani kwa Mama Mutale, mpinzani wake ni Mwila huyohuyo. Atakayeshinda ndiye atakayeiwakilisha Chingola kwenye mashindano ya Ndola, safari ambayo Kangwa ameiota tangu ujana.

Mipira ya kunyoosha iliingia vizuri. Ila kila alipoupiga mpira mweupe ubavu wa kulia ili uzunguke, ulikwenda kombo, upande wa kulia.

"Umeitia nini hii fimbo?" aliuliza.

"Niitie nini, shemeji? Chumvi?"

Baa nzima ikacheka. Kangwa hakucheka. Aliisugua ncha kwa chaki, akaichungulia kama anayetafuta mdudu kwenye maharage.

"Lete yako. Tubadilishane!"

Mwila akampa. Ilikuwa ya aina ileile, zilinunuliwa siku moja. Zamu yake ilipofika Kangwa akapiga, na mpira ukakosa upande uleule wa kulia.

"Sikia," Mwila akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukipiga ubavu wa kulia, fimbo yako ya zamani ilikuwa inausukuma mpira kushoto. Ukazoea kulenga kulia kidogo ili kuirekebisha. Hii haisukumi hivyo. Wewe lenga moja kwa moja."

"Tangu lini mtu akamfundisha mpinzani wake kumfunga?"

"Tangu mpinzani awe mume wa dada yangu. Lenga tu, bwana."

Kangwa alikuwa amebakiza mpira mweusi tu, karibu na shimo la kona. Bila kuuzungusha ule mweupe, ungeufuata mweusi shimoni na angekuwa ameshindwa papo hapo. Kangwa aliinama. Alimtazama Mwila usoni, akatafuta kicheko kilichofichwa, hakukiona, na kutokukiona kukamtia shaka zaidi. Akalenga kulia kidogo.

Mpira mweupe ulikwenda palepale alipoulenga. Mweusi ukagonga ukingo wa shimo, ukakaa. Mwila akamaliza mipira yake, kisha ule mweusi, na watu wakaanza kumwimbia nyimbo za safari ya Ndola.

Mwila hakuimba nao. Alikuja akasimama karibu na Kangwa.

"Shemeji, nilikwambia ulenge wapi. Kwa nini hukunisikia?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Kangwa: baiskeli. Lakini ilikuwa imepita miaka mingi mno, na aliona haya kulitamka.