Arobaini na Moja Waliofutwa

Aidan alikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi ya kutunga programu za kompyuta, pale Mbinga mjini, parishi ya kwao huko chini ziwani ilipomwomba aingize vitabu vya waumini kwenye kompyuta kabla mchwa hawajavimaliza. Alikubali upesi. Alitaka kazi yake ya kwanza kubwa ionekane nyumbani.

Katekista, Mwalimu Cuthbert, alimsomea wiki mbili, yeye akiandika. Walipomaliza, vitabu vyenyewe, vilivyokuwa vimebaki unga, wakavichoma vyote.

Kisha Aidan akaona majina yanajirudia: jina lilelile, baba yuleyule, mama yuleyule. Akasema moyoni, uzembe wa makarani wa zamani. Akaiagiza programu, ikikuta marudio, ibakize jina la karibuni na kulifuta la kwanza. Yakafutika arobaini na moja. Nakala ya awali hakuiweka. Ugeni wa kazi. Alifurahi kama mtu aliyemaliza kupalilia mihogo.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, mama yake, Eliza, alikaa naye benchi la pili. Mwalimu Cuthbert akasoma majina ya marehemu kwenye karatasi iliyotoka katika programu ya Aidan. Ibada ikaisha. Mama hakuinuka.

"Mama, twende."

"Bado hajamsoma kaka yako."

Aidan alijua, kama mtu anavyojua hadithi, kwamba kabla yake alikuwapo mtoto aliyekufa akiwa na miezi minane, na kwamba yeye alirithishwa jina lake ili lisipotee. Majina ya siku hii hakuwahi kuyasikiliza, wala kufikiri kwamba mtoto yule naye aliandikwa kitabuni. Aidan, baba yuleyule, mama yuleyule.

Mwalimu Cuthbert akasogea, karatasi mkononi. "Injinia, mashine yako imepunguza marehemu. Ufufuo huo mbona hukututangazia?"

Aidan hakucheka. Alitoa kompyuta mkobani, akaifungua magotini, akaandika jina upya. Programu ikakataa kulihifadhi bila tarehe ya kifo. Kanuni hiyo nayo aliitunga mwenyewe.

"Mama, alikufa tarehe ngapi?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Usipa tuliouvua ulikuwa umeanikwa uchanjani, ukaoza wote, hakuna aliyekumbuka kuuanua."

"Mwaka gani?"

"Si ilikuwa kitabuni, baba?"

"Basi niweke tarehe yoyote, ikubali."

"Hakufa siku yoyote," mama alisema.

Akakunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Nyumbani nikiita Aidan, unaitika wewe. Sikulaumu, ndivyo tulivyotaka. Lakini siku hii moja nilikuwa nalisikia jina lile, na haitiki mtu. Hapo ndipo nilipokuwa nampata."

Aidan akafunga kompyuta. "Mwalimu, tafadhali. Msome kwa mdomo tu."

Mzee yule alirudi mbele, akavaa tena miwani yake, ingawa hakuwa na cha kusoma.

"Aidan, mwana wa Eliza."

Kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, Aidan akafumbua kinywa aitike. Mama akaweka kiganja midomoni pa mwanawe, akakiacha hapo, macho yake yakitazama mbele.

Mwalimu Cuthbert hakushuka. Alikuwa akitazama nyuma yao. Aidan akageuka. Kwenye mabenchi wanawake tisa walikuwa bado wameketi, wakingoja.