Kila Mtu Abebe Chake

Kazi yangu ni kukataa. Nasimama kwenye geti la mlima, kando ya mizani ya kuning'iniza, na mpagazi akifika na mzigo wake nautundika kwenye kulabu na kuusoma. Kilo ishirini, pita. Kilo ishirini na moja, shusha. Miaka saba nimetukanwa hapo na mabosi wa kila aina, na bado nasema shusha. Wapagazi wananiita Mizani, na jina hilo nalipenda kuliko nililopewa nilipozaliwa.

Mchumba wangu wanamwita Ngamia. Siku ya kwanza kumwona alikuwa amebebeshwa kilo ishirini na saba: mahema, masufuria, na kiti cha mgeni mmoja aliyekuwa mbele akijipiga picha. Nikasema shusha. Bosi wake akaniambia nisimletee za kuleta, wageni wanachelewa. Niliuteremsha ule mzigo nikaukalia, nikaukalia nusu saa nzima, mpaka zile kilo saba zikapata mgongo mwingine. Ngamia alicheka mpaka akafuta machozi. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka kumi na moja ya kubeba, hakuwahi kuona mtu akigombana kwa ajili ya mgongo wake.

Basi tulipoamua kuoana hatukubishana kuhusu mahali. Ni mlimani, kwenye uwanja wa majani mbele ya kibanda cha kwanza, mwendo wa saa moja kutoka getini. Ngamia alikuwa na sharti moja tu, nami nikaliandika kwenye kadi chini ya tarehe: "Kila mtu abebe chake. Hakuna atakayebebewa." Chakula chako, maji yako, cha kukalia chako. Wapagazi wenzake wangepanda kama wageni, kila mmoja na kifurushi chake, na kwa siku moja katika maisha yao hakuna ambaye angewaambia wafanye haraka.

Kadi ilipomfikia Shangazi, akaitisha kikao.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na ndiye aliyenilea tangu Mama alipofariki nikiwa na miaka sita. Alinisuka nywele, alinifundisha kusoma, alinichapa nilipostahili na nisipostahili. Siwezi kusema hanihusu. Lakini nyumbani kwake hata chai hunywewa kwa kufuata cheo, na mimi na vyeo hatupatani.

Tulikuwa wanne sebuleni. Shangazi alikuwa kwenye kochi, mimi na Ngamia kwenye viti vya plastiki, na Baba amesimama mlangoni, nywele zimejaa vumbi la mbao. Baba ni seremala. Amelivuta vumbi hilo miaka arobaini, na sasa kifua chake kinapiga filimbi hata akipanda ngazi za benki.

"Mlima sijaukataa," Shangazi alianza. "Utapendeza kwenye picha. Ila mambo yaende kwa utaratibu." Akafungua karatasi, akavaa miwani. "Meza kuu na jukwaa lake. Viti sitini vyenye vitambaa. Viti viwili vya dhahabu vya maharusi. Hema. Jenereta. Wapagazi ishirini na wanne."

"Ishirini na wanne wa nini?" nikauliza.

"Wa kubeba, wa nini tena? Si marafiki zake wapo? Hao hao. Watakula baadaye, nyuma ya kibanda, sisi tukishamaliza."

Nilimtazama Ngamia. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Na wewe, mwanangu," Shangazi akamgeukia, kwa upole wa kweli, na upole huo ndio ulioniuma zaidi, "siku hiyo utatambulishwa kama afisa wa utalii. Watu wana midomo."

"Ni mpagazi, Shangazi," nikasema. "Atatambulishwa mpagazi, na wenzake watakaa tutakapokaa."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nitavunjika nikipanda."

Shangazi hakupaza sauti. Huwa hapazi. Alinyoosha kidole taratibu kuelekea mlangoni. "Na huyu? Kifua chake unakijua. Kama hakuna wa kumbeba, hafiki. Utamwacha baba yako getini kama mlinzi, ninyi mko juu mnacheka? Hakuna wapagazi, hakuna baba. Chagua."

Baba akakohoa, akaja mezani, akaichukua ile kadi na kuisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Mmeandika na cha kukalia pia?"

"Ndiyo, Baba. Na cha kukalia pia."

"Mm," akasema, akairudisha kadi, akatoka.

"Umemwona?" Shangazi akanong'ona. "Umemuudhi."

Wiki tatu zilizofuata Baba hakutamka neno harusi. Nilimfuata karakana, nikakuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Nilipogonga alifungua kidogo tu, akasimama katikati ya mlango nisione ndani.

"Getini kwenu," akaniuliza, "mtu wa umri wangu anaruhusiwa kilo ngapi?"

"Wapagazi ndio wanaopimwa, Baba. Wageni hatuwapimi."

"Nimeuliza nijibiwe."

Niliona ananikejeli. Nikamjibu kwa hasira. "Mtu wa umri wako, mwenye kifua hicho? Kilo mbili. Na hizo mbili kwa huruma."

"Mm." Akafunga mlango.

Nilichukulia kwamba hilo ndilo jibu lake: haji. Nilitembea mpaka nyumbani nikilia kwa hasira, watu wananipisha njia.

Ngamia aliponiona vile akalegea. "Tuchukue ukumbi," akasema. "Mpe Shangazi meza yake kuu, Baba akae mbele. Mimi kula nyuma ya kibanda nimezoea."

Hakuna maneno yaliyowahi kunichemsha damu kama hayo. "Ng'o!" nikamwambia. "Mimi siolewi na afisa wa utalii. Simjui. Afadhali niolewe bila baba kuliko kuolewa kwa kukuficha wewe." Nilisema hivyo kwa kinywa kipana, na nilimaanisha kila neno. Lakini moyoni nilikuwa tena na miaka sita, na nilimtaka baba yangu.

Jumamosi ikafika. Saa moja asubuhi nilikuwa getini, gauni jeupe nimelikata likaishia juu ya vifundo, buti zangu za kazi miguuni. Wapagazi walikuja na suti zao, wengine suti walizoazimana, wakipangana mstarini wenyewe kwa mazoea. Nikawapima kwa utani. Huyu kilo tatu, pita. Huyu kilo mbili na chupa ya soda, pita. Msajili wa ndoa, mtu mwembamba wa ofisini, alikuja amebeba daftari lake kubwa mgongoni kwa kamba. Kilo nne. Wapagazi wakampigia makofi.

Kisha likaja lori. Shangazi akashuka amevaa viatu vya kisigino, na nyuma yake wanaume sita nisiowajua wakaanza kuteremsha viti vya dhahabu.

"Marafiki zake nimewaacha wapumzike kama ulivyotaka," akasema. "Hawa hakuna anayewajua. Kwa hiyo huna neno."

"Watakula na sisi?"

"Watakula baadaye."

Nilikichukua kiti kimoja nikakitundika kwenye kulabu. Mizani ikalia. "Kilo thelathini na moja," nikasema. "Shusha."

"Unajua unaongea na nani? Mimi ni shangazi yako!"

"Na ukirudi nyumbani nitakupikia, nitakuoshea miguu. Hapa mimi ni Mizani. Shusha."

Tulikuwa tumetoleana macho hivyo nilipoisikia ile filimbi ya kifua. Niligeuka. Baba alikuwa anakuja na mkokoteni, anausukuma hatua kumi, anapumzika, anausukuma tena. Umejaa vitu vyembamba vilivyofungwa pamoja kama kuni.

Hakunisalimia. Alichomoa kimoja, akakikunjua: kigoda cha miguu mitatu, kipande cha turubai juu, mkanda wa kukivaa begani. Akakikunja tena, akakitundika mwenyewe kwenye kulabu yangu.

"Soma."

"Kilo moja na robo," nikasema.

"Ulisema mbili. Nimebakisha ya maji."

Alikuwa ametengeneza sabini. Nilimuuliza kwa nini alinifungia mlango, akasema, "Ungeanza kuvipima kimoja kimoja, kazi isingekwisha." Nilimkumbatia nikampaka wanja shati lote.

Vikagawiwa. Wale wanaume sita nao walipewa, wakatazamana, kisha mmoja akakiacha kiti cha dhahabu barabarani na kuvaa kigoda begani, na wenzake wakamfuata. Baba akamnyooshea Shangazi cha mwisho. "Dada, hiki chako. Nimekiongeza upana kidogo."

Shangazi hakukipokea. Baba akakiegemeza kwenye gurudumu la lori, nasi tukaanza kupanda.

Baba alienda hatua ishirini, akakunjua kigoda, akakaa, akahema, akakikunja, akasimama. Akikaa, watu wote wanakaa. Wapagazi ambao hukimbia njia ile na kilo ishirini kichwani walikuwa wanachuma maua ya porini, wanapigana vijembe, wanaulizana majina ya ndege waliokuwa wakiwapita kila siku. Hakuna aliyesema tunachelewa.

Saa mbili zilipita ndipo tukafika kwenye bomba, kona ya pili, mahali ambapo wapagazi hufika kwa dakika arobaini. Ni bomba tu la maji na mawe yaliyolainika kwa kukaliwa. Wapagazi hula pale kwa sababu mbele ya kibanda hawaruhusiwi kukaa. Baba akakunjua kigoda chake akakaa, na safari hii hakusimama. Midomo ilikuwa imekauka, filimbi ya kifua imekuwa nyembamba.

Ngamia akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo. "Panda, Baba. Wewe si mzito."

Baba aliutazama ule mgongo kwa muda. Kisha akaweka kiganja juu yake, akausukuma pole.

"Leo hujaajiriwa, mwanangu," akasema. "Kaa."

Ngamia akakaa chini, akafunika uso kwa mikono miwili.

"Nendeni," Baba akaniambia. "Mwendo uliobaki si mrefu. Nitasikia vigelegele."

Nilivua kigoda begani nikakikunjua kando yake. Nikakaa. "Msajili," nikasema, "fungua daftari."

"Lakini hatujafika!"

Ilikuwa sauti ya Shangazi. Alikuwa amesimama kwenye kona, viatu mkononi, jasho linamtiririka, kigoda kimening'inia begani. Amekuja peke yake njia yote ile. "Kadi inasema kibandani! Hapa si mahali. Hapa ndipo wapagazi wanapolia chakula chao!"

"Ndiyo, Shangazi," nikasema. "Ndipo hapo."

Alifungua kinywa anijibu. Kisha akaisikia filimbi ya kifua cha mdogo wake, akamtazama, akanitazama na mimi niliyekuwa nimemshika mkono.

"Dada, kaa," Baba akamwambia. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Shangazi akainama, kwa shida na heshima zake zote, akakaa kati ya wawili wa wale wanaume wake sita. Mmoja alikuwa ameshafungua chakula chake. Akamkatia nusu, naye akapokea.

Msajili aliliweka daftari juu ya jiwe, akalamba kidole, akafunua. "Mahali pa ndoa?"

"Kwenye bomba la wapagazi, kona ya pili."

"Haimo kwenye orodha yangu."

"Iongeze," nikasema.

Akaiongeza. Akaandika majina yetu, umri wetu, jina la Baba. Kisha akainua kalamu. "Kazi ya bwana harusi?"

Ngamia aliangalia vidole vyake, kama siku ile sebuleni. Nilifungua mdomo, tayari kwa vita, lakini niliwahiwa.

"Mpagazi," alisema Shangazi, akisugua bega pale mkanda ulipomkata. "Na uandike vizuri. Isomeke."