Mwanya wa Mama Mkwe

Wifi yangu alikuwa anasoma simu kwa sauti, kajishika mbavu.

"'Mama mkwe wangu ana miaka sabini, kaniagiza meno ya bandia yenye mwanya. Sijui anamtafuta nani.' Jamani, huyu dada atatuua."

Sebule nzima ikacheka. Mimi nilikuwa pembeni nakunja nguo za watoto, moyo umenivimba kwa fahari. Huyu dada nilikuwa mimi.

Kutengeneza meno ya bandia ndiyo kazi niliyosomea, na stashahada ninayo. Mchana kutwa nakaa na vinywa vya plasta visivyosema kitu. Nikirudi nyumbani naulizwa sabuni iko wapi. Basi nilifungua ukurasa usio na jina langu wala sura yangu, nikawa nasimulia vituko vya nyumba yetu. Watu walicheka, wakaongezeka, nami nikanogewa. Hata akija mgonjwa kujaribu meno nilikuwa nachungulia simu. Nilipoweka picha ya meno ya mama mkwe, yakiwa bado mezani kwangu, walifurika kwa maelfu.

Meno yenyewe alikuwa anayajaribu chumbani kwake, mlango kaufunga, mpaka ayazoee. Habari ya mwanya tulikuwa tunaijua sisi wawili tu. Aliniomba iwe hivyo. Mpaka leo nikilikumbuka ombi hilo nainamisha uso.

Lakini jioni ile nilikuwa na neno moja tu mdomoni: ni mimi. Nilitaka wanijue. Nusura nilitamke.

"Hebu nami nione," mama mkwe akasema.

Aliisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, kisha akamrudishia binti yake.

"Ana maneno huyo," akasema, akaenda kulala.

Kesho yake alikuja kazini kwangu, meno kayafunga kwenye leso.

"Yanabana, mama?"

"Hayabani. Nizibie huo mwanya tu."

"Si ulisema ndivyo ulivyokuwa usichanani? Kwamba baba aliupenda?"

"Aliupenda. Yeye alikuwa mtu mmoja."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba magotini, akanitazama nikichanganya dawa ya kuzibia. Simu ikatetema kwenye mfuko wa koti langu. Ikatetema tena. Sikuitoa.

"Itazame, mwanangu," akaniambia taratibu. "Watu wako wanakungoja."