Kiti cha Royce

Kiti cha sita kilikuwa kitupu, na Verna Tuttle alikigawia karata kama vingine. Ndivyo sheria ya mashindano ya ubingwa wa poka inavyotaka: mtu akishalipia, awepo asiwepo, karata zake hutoka, kisha mgawaji huzirudisha kifudifudi bila kuzitazama. Dau la lazima nalo humegwa kwenye sarafu zake za mchezo, kidogo kidogo, mpaka ziishe. Na Royce Kimbrough wa Lubbock, Texas, ambaye hajawahi kukosa mwaka hata mmoja, alikuwa hajatokea tangu asubuhi.

"Mama, huyu jamaa ndiye mstaarabu kuliko wote hapa," alisema kijana wa kiti cha saba, miwani myeusi usoni. "Hanuni, hajisifu, na dau anatoa."

"Ungemuiga mapema, usingebakiwa na hizo sarafu mbili tatu zako," Verna akamjibu.

Meza nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka, macho yake yalikuwa mlangoni. Kila alipohamishwa meza kwa zamu, alimbembeleza msimamizi amrudishe hapa.

Alikuwa na mdomo huo tangu ujana, na ndio uliomponza. Enzi zile ubingwa ulichezewa mjini Las Vegas katika kasino moja ndogo, meza moja tu, mgawaji yeye, wanaume saba wa Texas wenye kofia pana, na watazamaji ni wake zao na wahudumu waliokuwa wamechoka kusimama. Royce, mwembamba, masikio hayo, alimuuliza mbele ya wote kama angekubali kwenda naye Lubbock akalione shamba lake la pamba.

"Ukiwa bingwa," Verna akasema, ili watu wacheke. Watu wakacheka. Royce akashika nafasi ya pili.

Mwaka uliofuata wachezaji walikuwa thelathini. Royce akauliza tena, Verna akajibu vilevile, maana sasa ulikuwa utani wao. Baadaye wakaja mamia. Kisha televisheni ikaleta kamera za kuonyesha karata zilizofichwa, na vijana wakaanza kujishindia viti kwenye kompyuta vyumbani mwao, wakaja na kandambili miguuni kutoka nchi ambazo Royce hawezi hata kuzitamka. Wakawa maelfu. Mashindano yakahamia kwenye ukumbi ambao mtu anaweza kumpoteza ndugu yake ndani na asimwone tena hadi jioni.

Kila mtu alishangilia ukuaji ule. Verna aliona tu kwamba kila aliyeongezeka alikuja kukaa katikati yake na Royce. Neno alilolitupa kwa mzaha likawa haliwezekani, na kiburi kikamzuia kulirudisha. Alimpenda. Alimpenda miaka yote hiyo, na kila mwaka akamwambia, "Ukiwa bingwa." Safari hii alikuwa ameapa: akimtia tu machoni, hata kabla hajaketi, atamwambia twende, ushinde usishinde.

Alasiri ilipofika, Verna mwenyewe aliisukuma sarafu ya mwisho ya Royce katikati ya meza. Kijana wa miwani akaishinda, akairusha juu na kuidaka.

Msimamizi akamgusa bega. "Verna, Otis kapiga simu, yule bawabu wa kasino ya zamani. Anasema kuna mzee kaketi pale tangu asubuhi, anafoka kwa nini meza haijapangwa. Anakuulizia wewe."

Alitoka bila kuvua sare. Pale ilipokuwa meza ile, sasa zilijaa mashine za kamari zinazolialia. Royce alikuwa katikati yake, kwenye kigoda, amevaa suti yake nzuri na kofia ameipakata.

"Nimemwambia mashindano yalihama zamani, dada," Otis akanong'ona. "Ananiambia niache masihara."

Royce akainua uso. Ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha, aliyewahi.

"Mmechelewa kufungua, mama," akasema. "Mwaka huu tuko wangapi?"

Yale maneno Verna aliyokuja nayo yakakosa pa kuingilia.

"Saba," akasema. "Walewale."

"Saba! Basi hawa nawaweza."

"Umeshawaweza, Royce." Akaichukua kofia, akamvalisha. "Mchezo umekwisha. Wewe ndiye bingwa. Twende nyumbani."

Royce akacheka, akampa mkono, akasimama taratibu. Walipofika mlangoni akasita, akageuka kuangalia nyuma, kule kwenye mashine.

"Samahani, mama, siondoki bila Verna," akasema. "Tulishaahidiana."

Verna akamrudisha kwenye kigoda, akavuta kingine, akaketi kando yake.

"Haya," akasema. "Tumsubiri."