Kimya cha Senja

"Kaisu, huo unga umekukosea nini?"

"Unauliza maswali mengi. Lete iliki."

Msichana Senja alicheka kwa pua, akasogeza kopo. Walikuwa wawili tu jikoni mwa kituo cha vijana. Wengine walikuwa ukumbini wakigombania biliadi. Saa kumi jioni ilikuwa haijafika na madirisha yalishakuwa meusi, kama kawaida ya majira ya baridi huko kaskazini.

Msichana alichukua donge, akaanza kulikanda. Alikanda muda mrefu.

"Baba kaanza kunywa tena," akasema.

Kaisu hakugeuka. Alikuwa mwanamke aliyezeekea kazi hii ya kulea vijana kituoni, na kanuni yake ilikuwa moja: mtoto mwenye jambo zito usimtazame usoni, wala usimchokonoe. Mpe unga, kaa ubavuni, funga mdomo. Atasema akiwa tayari. Ukimsemea, atalimeza na hutalisikia tena.

"Nakaa hapa mpaka alale," Senja akaendelea. "Mkikifunga hiki kituo nitakaa wapi? Pale kituo cha mafuta wanatufukuza kama kunguru."

"Njoo kesho ukaiambie kamati."

"Mimi? Mbele ya wale wazee?"

"Maneno hayohayo. Hata la kunguru."

Kesho yake kamati ya mji ilikuwa inapitisha sera mpya ya vijana. Aliyeiandika ni Petteri, mratibu wa huduma za vijana, kijana aliyetoka chuo kikuu, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma kila utafiti uliotoka, akagawa madodoso shuleni, na vijana walijibu kwamba huduma waitakayo ni ya kwenye simu. Basi kituo kifungwe, washauri wapatikane mtandaoni. Kaisu alimwambia kwamba wanaokuja kituoni ndio haohao wasioonekana shuleni, kwa hiyo hakuna aliyewauliza.

"Nakuamini," Petteri alimjibu. "Lakini siwezi kuandika kwenye sera kwamba Kaisu kasema. Sheria inataka vijana wasikilizwe. Mlete mmoja aseme mwenyewe, nami nitaomba kamati inirudishie sera niandike upya."

Senja alikuja. Alikuwa amechana nywele.

Chumba cha mkutano kilikuwa na joto na harufu ya kahawa. Mwenyekiti, mzee Hyttinen, mfuga ng'ombe, alivua miwani. "Kuna kijana amekuja kutuambia neno. Karibu, binti."

Senja akasimama. Hakusema kitu.

Wajumbe waliinamisha macho mezani, kwa adabu. Katika mji ule mtu hakatizwi kimya chake. Petteri alimkazia macho Kaisu, nyusi juu: msaidie! Kaisu akatazama dirisha. Kimya hiki alikijua. Aliviona vidole vya msichana vikisuguana kama vinavyojitoa unga, akajua neno liko karibu, liko kooni. Usiliguse, akajiambia. Ngoja.

Alisahau jambo ambalo kila aliyewahi kuketi kwenye mkutano wa mji ule analijua: mbele ya mwenyekiti, asiyesema amekubali.

Mzee Hyttinen naye alingoja, tena kiungwana. Kisha akavaa miwani.

"Kuna mwenye pingamizi na sera hii?"

Wajumbe walinyamaza. Kaisu bado alikuwa anangoja.

Nyundo ikagonga. "Imepita."

Ndipo wote walipoona kwamba mdomo wa Senja ulikuwa wazi.

"Ulitaka kusema, binti?"

"Hapana," akasema Senja, akaketi.

Kaisu alimrudisha nyumbani kwa gari, wakavuka daraja la karibu na kiwanda.

"Si ungeniuliza tu," Senja akasema. "Swali moja. Hata jina langu. Ningeanzia hapo."

"Nilidhani..."

"Jikoni sawa. Pale nilikuwa nazama, Kaisu, na wewe unaangalia dirisha."

Kaisu alikamata usukani kwa mikono miwili. 

Nyumba ya akina Senja ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Dirishani mwanga wa televisheni ulikuwa ukirukaruka, na kivuli cha mtu kikapita, kikarudi.

"Twende kwangu," Kaisu akasema. "Ule kwanza. Nitampigia simu baba yako."

"Ukimpigia ndio utaniua kabisa." Senja akafungua mlango. "Asante kwa lifti."

Hakuingia ndani. Aliokota sepetu iliyoegemea ukuta, akaanza kuondoa theluji kwenye njia ya kwenda mlangoni. Njia ilikuwa imeshasafishwa, hata changarawe zilionekana. Alichota kidogo kutoka ukingoni, akatupa kando, akachota tena, akivuta muda mpaka baba alale.

Kaisu alishaweka gia ya kurudi nyuma. Akaitoa. Akaacha taa za mbele zikiwaka, zikimmulika msichana mgongoni, na theluji mpya ikaanza kuanguka kati yao.