Kipago cha Kwanza

...na mguu wa kulia tu ndio uliokubali, umeshakanyaga kipago cha kwanza cha ngazi, wa kushoto umegoma juu mchangani kama mbuzi anayevutwa sokoni, na huko chini kisimani mjomba Kombo anauliza tena, "Mwanasiti! Jiwe hili tulivunje au tuliache? Shuka ulione mwenyewe!", astaghafirullah, ashuke nani, yeye Mwanasiti, mwaka wa tatu uhandisi wa migodi, aliyepelekwa fildi Kanda ya Ziwa na kofia ngumu na taa kichwani, na lifti ya mgodini ilipoanza tu kuzama akamng'ang'ania mwendeshaji mkono, kaka, nirudishe juu, nimeacha jiko linawaka... jiko gani, Mwanasiti, na wewe unakaa bweni!... na wiki tano zilizobaki akazimalizia ofisini kupanga mafaili, ndiyo maana ile bahasha imo mkobani, mkoba ameushika bibi, na ndani ya bahasha mna barua ya kuomba kuhamia kozi ya masoko, imeshatiwa sahihi, inangoja Jumatatu tu, hajamwambia mtu, atamwambiaje mtu na bibi Biubwa ameshatangaza tangu Bwejuu hii mpaka Kilindoni kwamba mjukuu wake anasomea kuchimba, kwa hiyo kisima kikifika kwenye jiwe watu watulie, angojewe mwenyewe, na kweli wakamngoja, watu wazima na akili zao, wiki nzima wanakunywa maji ya madumu yanayovushwa kwa mashua... "Kwani kushuka ngazi kunafundishwa mwaka wa nne?" huyo Somoe, jirani, mdomo wake haujui likizo, na wenzake wanacheka, wamejaa ukingoni utadhani kuna harusi huko chini, na laiti wangejua kwamba darasani maji ni adui, muhula mzima Dokta Wilbrod anafundisha namna ya kuyatoa shimoni, pampu hii, mtaro ule, hakuna hata siku moja aliyofundisha namna ya kuyapata, bibi angesikia angemfuata chuoni kwa miguu... "Mwacheni, anapima kwa macho," bibi anasema, "msomi hakurupuki", maskini bibi wa watu... "Nani ananimwagia mchanga?" analalamika mjomba, anakohoa, na macho ya Mwanasiti yanakwenda yenyewe bila kuombwa, mchanga unatoka ukingoni, ukingo ni mchanga mtupu, hauna hata ubao wa kuuzuia, na kifusi chote wamekirundika papo hapo mdomoni mwa shimo, na juu ya kifusi wamepanda watu, mmoja, wawili... tisa, na Somoe ndani yake, ambaye peke yake ni wawili, na mjomba huko chini hana hata kamba kiunoni, Mungu wangu, "Rudini nyuma! Wote! Shukeni kwenye kifusi! Mjomba, usiguse jiwe, jifunge kamba kwanza!", sauti ya nani hiyo, mbona kali hivyo, mbona Somoe anarudi nyuma upesi, anamkanyaga bibi kidole na kuomba radhi, Somoe kuomba radhi!, na mjomba anajibu kutoka chini, "Haya, injinia," kwa adabu kabisa, mjomba Kombo asiyeogopa kitu, siku kumi amechimba na mlima wa kifusi juu ya kichwa chake asiuone, ameuona nani, ameuona huyu mwoga, huyu wa jiko linawaka, kwa sababu anaogopa ndiyo maana anaangalia... na mguu wa kushoto bado umegoma, jasho lile lile, kipago kile kile, na bibi, jua limemzidi, amefungua mkoba, ametoa bahasha, anajipepea nayo, "Mjukuu wangu, hii karatasi ya maana?", Mwanasiti anaitazama ikienda huku na huku mbele ya uso ule unaong'aa kwa jasho na majivuno, "Hapana, bibi," anasema, "jipepee tu."