Dakika Thelathini za Fundi Pampu

Fundi Pampu hakuwahi kuogopa kitu chenye bolti. Kwa miaka ishirini na sita aliteremka visimani, akazipandisha pampu zilizokwama, akazifufua. Lakini tangu moyo ulipomwangusha karakanani, spana ikiwa bado mkononi, alitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Daktari alimweleza kwamba sehemu ya misuli ya moyo imedhoofika, haisukumi damu inavyotakiwa, na dawa peke yake hazitoshi. Akampa kadi: atembee haraka haraka dakika thelathini, siku tano kwa wiki, na kila siku ajaze. Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Rohoni alikataa. Pampu mbovu huiongezi kasi; unaipumzisha, la sivyo inakufia mikononi. Hilo hakulisoma popote, vidole vyake ndivyo vilivyomfundisha.

Basi kila alasiri alivaa raba, akaaga, akakata kona, akaenda kuketi juu ya bomba kuukuu nyuma ya karakana, vidole viwili shingoni, akihesabu mapigo. Pigo moja likichelewa, jasho lilimtoka bila kupiga hata hatua. Nusu saa ikiisha, alijimwagia maji ya bomba usoni akarudi nyumbani. Mkewe alimpokea kwa taulo na utani, kwamba siku hizi baba watoto amekuwa kijana wa timu, asije akamwacha mwenzake uzeeni. Fundi alicheka, akajaza: thelathini.

Wiki ya sita wakaenda wote kliniki. Mtaalamu wa mazoezi, msichana wa umri wa kitinda mimba wake, alimbandika nyaya kifuani, akampandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, akaisoma kadi. Akamsifu mbele ya wagonjwa wengine. Kwa bidii hiyo, alisema, leo wanaruka hadi ngazi ya tatu ya mazoezi. Mkewe, aliyeketi karibu na dirisha, alijaa fahari. Fundi alifumbua mdomo, haya ikaufumba. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye pedali.

Dakika ya kwanza ilipita. Ya pili, miguu ikawa kama inakanyaga tope. Ya tatu, moyo ukaanza kugonga mbavu kama mtu aliyefungiwa chumbani anayetaka kutoka. Mstari kwenye skrini ulikimbia milima na mabonde asiyoweza kuyasoma. Alimtazama mkewe, akamwona mjane.

"Binti," alisema kwa sauti ya kukatika, "nisaidie. Nimedanganya. Sijatembea hata siku moja."

Tabasamu la mkewe lilifutika. Msichana hakugomba. Aliilegeza baiskeli hadi pedali zikawa nyepesi, lakini akamkataza kushuka ghafla asije akazimia. Azungushe taratibu mpaka pumzi irudi. Pumzi iliporudi akamuuliza sababu, na Fundi akamweleza habari za pampu.

"Pampu ni chuma, baba," alisema msichana. "Chuma kikifanya kazi kinalika. Moyo ni nyama. Ukiufanyisha kazi kwa kipimo, unapata nguvu. Hizi wiki sita hukuupumzisha. Umeuacha uzidi kulegea."

Fundi alikuwa ameogopa moyo utamuua. Hakujua kwamba alikuwa anausaidia kumuua. Aliuliza kama amechelewa. Msichana alisema hawezi kuahidi; wataanza ngazi ya kwanza leo hii, na baada ya miezi mitatu kipimo kitasema.

Mkewe aliinuka. Fundi alidhani anatoka nje, kumbe alikuja kusimama kando ya baiskeli, macho mekundu.

"Kesho tunatembea wote wawili," alisema. "Na usiniongeleshe njiani."

Msichana akaanza kuhesabu dakika. Mkewe hakumshika mkono. Hasira ilikuwa bado imempanda. Fundi akazungusha. Mapigo yakapanda, na hofu ikapanda nayo, bega kwa bega, naye hakusimama.